Nishani za Qasim Akbarali

Kuze, Mombasa
6 Agosti 1944

Kwa mwanangu Qasim,

Salamu nyingi, na baada ya salamu nataka kujua u hali gani: kichwa, kifua, tumbo, na kama usingizi waupata. Sisi huku hatujambo. Magoti yangu ni yale yale. Dadako Mwanamize yu salama, amekuwa mrefu kunipita, na mdomo wake ulinipita zamani.

Sasa nieleze jambo. Jana Gaffar, yule mwenye duka la nguo Makadara, alinisimamisha njiani mbele za watu akanipa mkono wa hongera. Ati gazeti la Kigujarati limeandika kwamba Qasim Akbarali, mzaliwa wa Mombasa, rubani katika jeshi la anga la Hindi, amepewa nishani kubwa na Mfalme wa Waingereza. Nikafurahi mpaka nikasahau samaki niliowaendea sokoni. Kisha nikamwuliza hiyo nishani ina sura gani. Akaona haya, akashusha sauti.

"Ni msalaba, Bi Mwanaesha."

Qasim, mimi ndiye niliyekupa ziwa siku ile mamako mzazi alipozikwa. Nikakulea mpaka babako naye akafa, na amiyo Khursheed akaja kukuchukua akakupeleka Karachi. Ulitoka mikononi mwangu ukijua kusali. Nakuuliza waziwazi, nawe nijibu waziwazi: wamekubatiza? Wazungu hawatoi kitu bure. Ikiwa kila anayerusha eropleni yao hufungwa msalaba shingoni, nataka nijue mimi kabla ya watu wa Kuze hawajajua.

Usinifiche neno. Wengine waandikie mambo ya vita, mimi niandikie ukweli.

Mamako,
Mwanaesha


Hospitali ya jeshi, mahali nisiporuhusiwa kutaja
2 Oktoba 1944

Mama yangu,

Nakubusu mikono yote miwili, ule ulionipiga na ule ulionilisha. Natumaini magoti yanakuruhusu kwenda kusengenya kwa majirani. Mimi sijambo, ingawa ukiwauliza madaktari watakwambia vingine.

Kwanza tulia, sijabatizwa. Msalaba ni umbo tu. Mwenzangu mmoja Singasinga amepewa huo huo, na kilemba chake hakikutikisika. Wala hauvaliwi shingoni. Ni wa fedha, unaning'inia kifuani kushoto kwa utepe wa zambarau na mweupe uliopigwa mshazari. Siku nitakayokuja nao utauficha chini ya kanga, kisha utamwonyesha kila anayepita.

Nilivyoupata ni hivi. Kazi yangu ni kupeleleza. Naruka chini, karibu na vichwa vya miti, napiga picha barabara za Wajapani, narudi. Siku hiyo walinitoboa tangi. Ningeweza kugeuka mapema, lakini wewe ulinizoeza ukinituma dukani nisirudi mikono mitupu. Nikamaliza picha zangu, nikarudi mafuta yananimwagikia miguuni. Wakubwa wakaliita jambo hilo ushujaa, nami sikuwaambia kuwa ni woga wa mamangu.

Ya hospitali ni safari nyingine. Ndege iliwaka wakati wa kutua, nikaungua mkono wa kulia na ubavu kidogo. Kwa hiyo anayeandika si mimi. Ni Nicodemus Ogutu, mtu wa Nyanza, dereva wa gari la wagonjwa katika jeshi la Afrika Mashariki. Kabla ya vita alikuwa karani huko Kilindini. Siku niliyoletwa kwenye machela nilimsikia akilitukana gurudumu lake kwa Kiswahili cha Mombasa, nikajua nimepata ndugu. Anakataa kuandika alilolisema.

Barua zako zitume kwa jina lake, maana mimi nahamishwa vitanda kila mara. Na mwambie Mwanamize aache kukua, atakosa mlango wa kumtosha.

Mwanao,
Qasim


Kuze, Mombasa
19 Novemba 1944

Kwa mwanangu Qasim,

Alhamdulillahi, barua imefika. Sisi wazima, na hofu ni juu yako wewe. Nimeisoma mwenyewe, kwa zile herufi za Kizungu ulizonifundisha kwa mkaa ukutani, na Mwanamize akanisaidia palipofifia. Nilicheka, kisha nikaketi nikaanza kufikiri, na kufikiri hakujanipa raha.

Umesema ubavu "kidogo". Kidogo chako nakijua. Ulipoanguka darini ulisema umechubuka, na mfupa ulikuwa umetoka nje. Nani akufunga dawa? Wala chakula gani? Nani akutilia maji ya kutawadha, na mkono ndio huo? Nijibu moja moja.

Halafu huyo Nicodemus. Mungu amlipe kwa kukuandikia. Lakini mtu wa bara, simjui kwao, anashika siri zetu na barua zangu zapitia kwake. Nilimtuma Baya, yule atuletaye maji, akaulize bandarini. Akarudi kusema Ogutu alikuwapo, mtu mpole, haibi, hanywi. Mimi wapole ndio huwashuku zaidi.

Amiyo Khursheed tangu akuchukue hajaniandikia hata salamu. Kwake mimi ni mtumishi wa nyumba ya nduguye, basi. Ukipatwa na neno hataniambia. Ndiyo sababu nasema tena, usinifiche.

Mamako,
Mwanaesha


Mahali fulani
21 Januari 1945

Kwa Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema, kama mimi nilivyo kwa uwezo wa Mungu. Nakushukuru sana kwa barua yako, niliyoisoma kwa furaha kubwa.

Nakula vizuri: wali, dengu na chai. Ubavu umepona na nimerudi kazini. Vidole vya mkono wa kulia bado vimekaza, kwa hiyo Nicodemus anaendelea kuniandikia.

Nina habari njema. Nimepandishwa cheo. Zamani nilikuwa na mistari miwili kwenye mkono wa koti, na sasa katikati yake wameongeza mwembamba. Maana yake ninaongoza kikosi kizima. Wakubwa wanasema nishani nyingine iko njiani.

Mama, magoti yako yanaendeleaje? Usibebe vitu vizito. Siku ya Idi ulipika nini? Niandikie kila kitu, hata mambo madogo ya nyumbani. Huku tunapenda sana kuyasikia.

Mwanao mtiifu,
Qasim


Kuze, Mombasa
11 Machi 1945

Kwa Qasim,

Salamu. Sisi hatujambo. Siku ya Idi nilipika biriani ya mbuzi, na hii ni mara ya kwanza katika maisha yako kuniuliza nimepika nini. Zamani ulikuwa ukifunua sufuria mwenyewe.

Nani huyu mtiifu? Mimi sikulea mtiifu. Barua nzima hakuna utani hata mmoja, hakuna pa kunikasirisha. Umeniandikia kama karani anavyomwandikia mke wa bwana wake. Nilikuuliza maji ya kutawadha, ukanijibu dengu. Na hili ndilo lililonikosesha usingizi: mkono usioweza kushika kalamu unashikaje ndege?

Mwanamize amenikasirikia. "Mama, hata mwanao wamshuku?" Nikamwambia mwanangu simshuku, naishuku barua. Gaffar yeye asema cheo humfanya mtu awe na adabu. Nimempa habari za ule mstari mwembamba, naye amezitangaza Makadara yote, hata nashindwa kupita. Najivuna na huku natetemeka, na mambo hayo mawili hayakai vizuri katika kifua kimoja.

Nataka kitu kidogo. Andika jina lako kwa mkono wa kushoto. Lipinde, livunjike, si kitu. Nataka kuona mahali ulipopitisha mkono wako.

Mamako,
Mwanaesha


Mahali fulani
6 Mei 1945

Kwa Mama mpendwa,

Natumaini hujambo, pamoja na Mwanamize na majirani wote. Mimi ni mzima.

Umeuliza vizuri kuhusu mkono. Ndege huongozwa kwa ngumi, mtu akiwa amevaa glavu. Kalamu inataka vidole. Ndiyo tofauti yake, na nasikitika kwamba ilikukosesha usingizi.

Nishani imefika. Nimepewa ule msalaba mara ya pili. Hawampi mtu msalaba mwingine mzima, ila kipande cha fedha hubandikwa juu ya utepe wa kwanza. Tulipangwa mstari uwanjani, na jenerali mwenyewe akanipa mkono. Askari wote walipiga saluti. Ningependa ungekuwapo.

Umeniomba utani. Utani wangu ni huu: Nicodemus amenenepa.

Ile biriani ya mbuzi, unatia ndimu kabla au baada ya kuiva? Tumebishana hapa.

Mwanao, kwa mkono wa kushoto,
Q a s i m


Kuze, Mombasa
24 Juni 1945

Kwa mwanangu mpenzi Qasim,

Salamu za mapenzi, na kila la heri likufuate huko uliko. Jina lako nimeliona. Limepinda sana, maskini. Nimelionyesha kwa watu wote nyumbani. Nisamehe kwa maneno yangu ya nyuma. Mtu mzima akikaa peke yake huona majini hata kwenye moshi wa jiko.

Ndimu ni kabla, pamoja na maziwa lala.

Sasa nina neno kubwa. Vita vimekwisha Ulaya, na inshallah huko kwenu navyo vitakwisha. Mwanamize amefikia umri wa kuolewa, na posa zimeanza kuja. Nimewatazama wanaume wote wa mji huu na sijaona anayekupita. Mtu wa cheo, mwenye misalaba miwili, na mnajuana tangu utotoni. Nimeona nikuoze wewe Mwanamize. Watoto wangu mtakuwa nyumba moja, nami nitakufa moyo umetulia.

Nijibu upesi, kwa kuwa wenye posa wananisukuma. Ukikubali, nitawaambia wazee.

Mamako, na inshallah mkweo,
Mwanaesha


Bara Hindi
19 Agosti 1945

Kwa Mama mpendwa,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima, na huku kuna shangwe, kwa kuwa Wajapani wamesalimu amri. Watu wanalia na kucheka.

Barua yako ilinishtua kwa furaha. Mwanamize ni msichana mwema na mwenye akili, na mtu atakayemwoa atakuwa na bahati. Kama wewe umependa, mimi nitakataaje? Nakubali kwa moyo wote. Waambie wazee.

Sijui nitaruhusiwa lini kurudi, maana kazi za kikosi bado ni nyingi. Wametangaza pia nishani mpya, nyota ya wote waliopigana Burma. Siku ya harusi nitavaa zote.

Asante kwa kunipa heshima hii.

Mwanao,
Q a s i m


Kuze, Mombasa
30 Septemba 1945

Wewe uliyeniandikia,

Sikuulizi hali.

Qasim alinyonya ziwa langu, na Mwanamize alinyonya ziwa hilo hilo baada yake. Kwetu sisi Waislamu ziwa ni nasaba. Mwanamize ni dadake Qasim kama kwamba walitoka tumbo moja, na kumwoa ni haramu mpaka mwisho wa dunia. Hili halihitaji kusoma. Qasim alilijua akiwa bado anacheza barazani, alikuwa akiwafukuza watoto wa kiume waliomtania dadake. Ile barua angeisoma yeye, angeniuliza kama nimerukwa na akili, na angeniuliza kwa matusi.

Wewe umenishukuru kwa heshima.

Nilikutega, naam. Niliona kwamba mikono yote ya kushoto hufanana, nikatafuta kitu ambacho mtu hawezi kukiiga. Nawe huwezi kuwa mwingine ila Nicodemus, kwa sababu barua zangu zaja kwako. Njia ya mwongo ni fupi, hata ikivuka bahari.

Basi kuna mawili. Ama mwanangu yu hai mahali fulani, nawe umemfungia maneno yake ujipambe kwa vyeo vyake, uje Mombasa ukitembea na nishani zisizo zako. Ama amekufa. Kama amekufa, nani alimwosha? Nani alimsalia? Alizikwa wapi, na ameelekezwa wapi? Mimi kila sala namwombea arudi salama. Ikiwa yuko kaburini, umeninyima kumwombea rehema, na yeye umemnyima kuombewa na mamake. Sijui kwenu mnaliitaje jambo hilo.

Nimemtaka Gaffar amwandikie Khursheed huko Karachi. Lakini jibu lako ndilo nalingojea.

Mwanaesha


Bara Hindi
2 Desemba 1945

Kwa Bi Mwanaesha,

Sina uso wa kukuuliza hali.

Qasim amekufa. Alikufa Novemba ya mwaka jana, pale pale hospitalini, kwa ubavu ule. Ulioza ndani. Hakurudi tena kwenye ndege. Barua yako ya pili ilifika akiwa amekwisha kuzikwa.

Waliomwosha ni askari Waislamu wa Punjab, wa kikosi cha nyumbu wa mizigo. Imamu wao alimsalia. Mimi nilimchukua kwa gari langu mpaka makaburini. Walimlaza kwa ubavu wa kulia, wakaniambia anatazama Makka. Maji ya kutawadha nilikuwa namtilia mimi. Sikukujibu hilo kwa sababu kila nikianza kuliandika nilikuwa naichana karatasi.

Nilimwambia afisa kwamba marehemu ana mama Mombasa. Akatazama karatasi zake, akasema mama wa huyu alikufa siku alipomzaa, na jamaa yake ni ami, Karachi. Simu ya kifo ilikwenda huko. Na ule msalaba ulikwenda huko pia.

Alikuwa na msalaba mmoja. Alikufa na mistari miwili. Ule mwembamba wa katikati ni mimi niliyeuandika, na msalaba wa pili ni wangu, na jenerali, na saluti. Niliona mtu kama yule alistahili kupanda, basi nikampandisha. Nyota ya Burma nadhani ni haki yake, lakini sijui kama watampa.

Aliniambia, "Mama asikae bila barua." Nadhani alitaka nikuandikie jinsi alivyokufa. Nilikaa kuandika pole, nikaisoma tena barua yako, unauliza anakula nini. Mimi mama yangu alikufa nikiwa mdogo, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikajibu wali na dengu. Ndicho nilichokuwa nimekula mimi siku hiyo. Baada ya hapo sikujua pa kukomea.

Kuhusu Mwanamize sikujua hukumu ya ziwa kwenu. Uliposema dada, nilidhani ni kama sisi sote tunavyoitana. Nilikubali kwa sababu sikutaka akukatalie kitu. Nilikusudia kumfanya aanguke na ndege kabla ya harusi, kwa heshima, nawe ukiwa umeandaliwa kuupokea msiba. Nilikuwa nimeshaianza barua hiyo. Nimeichoma.

Tutapewa meli mwaka mpya, itashuka Kilindini. Ukitaka nije nitakuja. Usipotaka, nitapanda gari la moshi niende zangu.

Nicodemus Ogutu


Kuze, Mombasa
20 Januari 1946

Kwa Nicodemus,

Baada ya salamu, ambazo nakupa kwa sababu hata mtu baki hupewa. Mimi si mzima, ila natembea.

Barua yako ilikaa nami muda mrefu kabla sijajua la kuifanya. Khursheed hakujibu. Nikavaa buibui nikaenda Kizingo, kwenye ofisi moja ya serikali, kuuliza kama ni kweli Qasim Akbarali wa jeshi la anga amekufa. Karani akaniuliza, "Wewe ni nani kwake?" Nikamwambia nilimnyonyesha. Akatabasamu, si kwa ubaya, akasema mayaya hawaandikiwi. Nikarudi kwa miguu. Sikumtukana.

Kwa hiyo duniani nimebaki na shahidi mmoja tu, nawe ni mwongo. Fikiri wewe mwenyewe, mtu anazikaje mwanawe kwa neno la mwongo? Nimezipanga barua zako zote sakafuni nikazilinganisha. Zile za uongo ziliandikwa vizuri, mistari imenyooka. Hii ya mwisho umefuta, umerudia, karatasi imetoboka kwa kalamu. Ndiyo iliyonitisha, na ndiyo iliyonifanya niamini.

Alhamisi tumemsomea hitma. Watu walijaa mpaka nje. Gaffar alitaka asimame azitaje nishani zote na cheo cha kuongoza kikosi, kwani mimi mwenyewe ndiye niliyempa habari hizo. Nikamwambia msalaba mmoja na mistari miwili, na kwamba hayo mengine nilikuwa nimeelewa vibaya. Sikulitaja jina lako. Usidhani nilikuhurumia, niliona haya.

Mwanamize hataki kusikia habari zako. Mimi sijui ninataka nini. Wewe ndiye uliyemtilia maji mwanangu, nawe ndiye uliyenifanya nimwombee safari njema mtu aliyekwisha fika. Sijapata mizani ya kupimia hayo. Meli ikishuka, njoo Kuze, uliza nyumba ya Bi Mwanaesha. Uje na karatasi zako za jeshi nizione. Nitakuuliza kila kitu upya, tangu machela, nawe utanijibu ukinitazama.

Na jambo moja la mwisho. Hitma imesomwa, watu wamekula, sufuria zimerudishwa kwa wenyewe. Lakini kila hodi inapopigwa hapa mlangoni, mimi ndiye wa kwanza kuinuka. Ikiwa na hili la kifo chake pia umenidanganya, Nicodemus, njoo uniambie. Nitakusamehe yote.

Mamake Qasim